Redio ya ridhaa ndani ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya naulizwa karibu kila Jumamosi, kapo (boneti) ya gari ikiwa wazi na mtu ameshika waya mkononi. Redio ya ridhaa ni ya watu wanaoongea hewani kwa kupenda, si kwa biashara. Mengi yanahusu redio ya VHF (masafa ya juu sana) ya wati 50, ile inayofungwa chini ya dashibodi. Machache yanahusu HF (mawimbi mafupi). Nimeyaandika jinsi yalivyokuja.

Papa, hii ni ile foni ya zamani?

Ni ndugu yake. Foni tuliyoijua, ile mtu alienda kupanga mstari ili aongee na jamaa zake wa Kasai au Kinshasa, ilitumia mawimbi mafupi, yaani HF. Redio ya ridhaa nayo hutumia HF, tena na VHF na UHF, masafa yaliyo juu yake. Tofauti iko kwenye sheria: hapa hakuna biashara, hakuna ujumbe wa kulipia, na kila anayesema hutaja jina lake la hewani ili wote wajue ni nani. Mzee akikuambia "umefunga foni kwenye motokari", mkubalie tu, muendelee na stori.

Lazima leseni? Rafiki yangu alinunua redio na hakuulizwa kitu.

Lazima. Muuzaji anauza kifaa, hauzi ruhusa. Masafa ya nchi yanasimamiwa na ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano, yenye makao Kinshasa, na sheria ya mawasiliano tunayoifuata ni nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Anza na ombi, ndipo ununue. Nimeona watu wakifanya kinyume, redio inakaa ndani ya karatasi yake miaka huku mwenyewe akiiangalia tu.

Ukipata leseni utapewa jina la hewani. Ya Kongo tunayoyazoea huanza na 9Q. Ukisikia 9J huyo ni wa Zambia, 5H Tanzania, 9U Burundi, 9X Rwanda, 5X Uganda, 5Z Kenya. Na masafa yako yana mipaka: kwetu, kanda ya kwanza ya dunia, bendi ya mita 2 (ndio urefu wa wimbi) ni kuanzia megahezi 144 hadi 146, na ya mita 40 ni 7.000 hadi 7.200. Redio nyingi za bei ndogo zinaweza kurusha nje ya hapo, hata kwenye masafa ya ulinzi au ya makampuni ya migodi. Kwamba kitufe kinakubali haina maana una haki ya kukibonyeza.

Naweza kuichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara?

Kusikiliza, ndiyo. Kurusha kwa wati 5, sawa. Kwa wati 50, hapana. Redio ya wati 50 hula kama ampea 10 hadi 12 wakati wa kusema, na tundu lile lina waya mwembamba na springi inayolegea. Litapata moto kabla fyuzi haijakatika.

Basi waya upite wapi?

Moja kwa moja hadi kwenye batri. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu robo tatu ya magari ninayofunguliwa kapo yana ugonjwa hapa, na mwenye gari amekuja akilaumu redio.

Waya chanya utoke kwenye ncha ya batri, na fyuzi iwe karibu na batri, ndani ya sentimita 20 hivi. Ile fyuzi ndogo iliyokuja kwenye waya wa redio, karibu na redio yenyewe, inailinda redio. Hailindi gari. Waya ukikwaruzwa pale unapopenya kutoka kwenye injini kuingia ndani, umeme wote wa batri utapita hapo, na hakuna kitakachousimamisha isipokuwa fyuzi iliyo upande wa batri. Pale unapopenya bati, tia mpira. Usipitishe waya juu ya bati tupu ukisema "nitarudi kuufunga".

Waya hasi: kwa magari ya zamani, peleka kwenye batri pia, na uutilie fyuzi. Kwa magari mapya yenye kipimo kidogo kilichokaa kwenye ncha hasi ya batri, usiguse ncha ile. Funga kwenye masi, ile nukta ambapo waya mkubwa wa batri unashikamana na bodi, la sivyo kompyuta ya gari itahesabu vibaya chaji ya batri.

Sasa unene. Chukua waya wa milimita mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi. Ukivuta ampea 12 utapoteza karibu volti 0.8 njiani. Ukitumia wa milimita mraba 6, utapoteza kama 0.35. Nunua wa 6.

Tena ununue wa shaba. Nacheka kila ninaposema hivi, kwa sababu mimi mwenyewe niliuziwa waya wa alumini uliopakwa shaba, hapa hapa, mji ambao shaba yake ilisimamisha bomba lile refu la moshi na kilima cha makapi kinachoonekana toka mbali. Nilifunga, nikasema hewani dakika mbili, nikasikia harufu ya plastiki. Waya wa namna hiyo unapinga umeme kama mara moja na nusu zaidi ya shaba, na ncha zake hulegea na kuoza. Kabla hujalipa, kwaruza ncha kwa kisu: ikitokea rangi nyeupe ndani, rudisha. Uzito nao unakuambia. Alumini ni nyepesi mno mkononi.

Inasikia vizuri, lakini nikibonyeza kusema inazimika. Imekufa?

Haijakufa, ina njaa. Kusikiliza kunataka chini ya ampea moja. Kusema kunataka kumi na zaidi, na hapo volti zinaanguka. Redio nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8, na zinavumilia hadi 11.7 hivi. Pima nyuma ya redio, mtu mwingine akibonyeza kitufe. Kupima bila kubonyeza hakukuambii chochote. Kama kwenye batri unaona 12.6 na nyuma ya redio 11, tatizo ni waya, kishikizo cha fyuzi, au ncha yenye kutu ya kijani.

Antena gani nianze nayo?

Robo ya wimbi, katikati ya paa. Kwa megahezi 145 wimbi zima lina mita 2.07, robo yake baada ya kusahihishwa ni kama sentimita 49. Hata chuma cha spoku kinatosha ukikikata vizuri. Bati la paa ndilo nusu ya pili ya antena. Usipoipa antena bati la kutosha chini yake, unaminya mawimbi yako mwenyewe. Ndiyo maana ile iliyobandikwa kwenye bampa hailingani na iliyo juu ya paa, hata zikiwa za duka moja.

Ile ndefu ya mita 1.3, ya wimbi la tano kwa nane, inasukuma mawimbi chini zaidi kuelekea upeo. Kwa barabara ya Likasi ni nzuri. Ndani ya mji, penye matawi ya miembe juu ya ukuta na geti za chuma, utairudisha nyumbani imepinda.

Kwa HF mambo ni mengine. Robo ya wimbi la mita 40 ni mita 10, na hakuna atakayebeba mlingoti huo juu ya motokari. Kwa hiyo tunatumia fimbo ya mita 2 na nusu yenye koili, na sehemu kubwa ya nguvu inageuka joto. Inakubalika, ili mradi ujue. Mimi nikifika mahali nikasimama, natupa waya juu ya mti na kuiacha fimbo ipumzike.

Sumaku, au nitoboe paa?

Kutoboa ni bora, na hakuna anayekubali. Sumaku basi, ila futa vumbi kila unapoibandika. Vumbi letu jekundu la Septemba likiingia chini ya sumaku ni msasa: baada ya mwezi utakuwa na duara paani mwako. Waya wa antena usibanwe na mlango mahali pamoja kila siku, nao usiwe mrefu bila sababu. Waya mwembamba wa aina ya RG-58 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita 5 katika megahezi 145, maana yake kati ya wati 50 kama 10 zinabaki njiani.

SWR yangu, kile kipimo cha nguvu inayorudi toka antena, ni 2. Nitaharibu redio?

Hapana. Kwenye 2, asilimia 11 tu ya nguvu inarudi. Kwenye 3 inarudi asilimia 25, na redio nyingi zinajipunguza zenyewe kujikinga. Chini ya 1.5 acha kuhangaika, uende ukaongee na watu. Ila kama jana ilikuwa 1.3 na leo ni 4, usirushe: waya umekatika au maji yameingia.

Nitafika wapi na wati 50? Nasikia mtu akisema alifika Kipushi.

Inategemea alikuwa amesimama juu ya nini. VHF hufuata macho, ikiongeza kidogo. Antena mbili zilizo mita 2 juu ya ardhi, kwenye uwanda tambarare, zina upeo wa kilomita 11 au 12 kati yake. Moja ikiwa juu ya mnara wa mita 30, upeo unafika kama 28. Kipushi iko kilomita 30 hivi kutoka mjini, kwa hiyo gari kwa gari ni bahati. Gari kwa nyumba yenye mlingoti mrefu ni jambo la kila siku. Ukitaka kuongezea umbali, panda kilima kabla hujanunua kipaza nguvu. Mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini hilo halikusaidii, kwa sababu na jirani yako yuko juu vilevile.

Kwa Likasi, Kolwezi au Kalemie, VHF ya gari haitoshi, tumia HF. Mchana megahezi 7, mawimbi yanapanda hadi ionosfera, tabaka la juu la hewa, na kuanguka karibu. Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500, jaribu megahezi 14 mchana na 7 usiku. Usishangae ukiipata Kinshasa wazi kabisa kwenye 14 huku Likasi hawakusikii: mawimbi yamewaruka.

Kwa hiyo niongeze nguvu?

Kutoka wati 5 hadi 50 ni desibeli 10. Kwenye sindano ya kupima mawimbi ya redio ya mwenzako, hiyo ni chini ya alama mbili. Anza na ndogo. Mkisikilizana, baki hapo. Batri na feni zitapata pumziko.

Kuna mluzi unaopanda nikikanyaga mafuta.

Alteneta. Mara nyingi unaondoka wenyewe ukishapeleka waya kwenye batri ukaacha kuiba umeme nyuma ya dashibodi. Usipoondoka, kaza masi na uchunguze batri.

Kelele isiyobadilika na mwendo ina mwenyewe mwingine. Izime injini, acha redio iwake, kisha chomoa vitu kimojakimoja: chaja ya simu, kamera ya dashibodi, taa za LED za kubandika, inveta. Chaja ya bei ya mkate huiziba HF yote. Ukimpata mwizi na huwezi kumfukuza, mzungushie waya wake kwenye pete ya feriti mara tano au sita. Dizeli ina nafuu moja: haina plagi za cheche.

Naifunga wapi ndani? Usukani wangu uko kulia.

Magari ya usukani wa kulia bado ni mengi kwetu, na mafundi hufunga redio mbele ya abiria kwa mazoea, dereva akalazimika kuegama. Kama uso wa redio unatoka, bandika uso karibu nawe na ufiche mwili wake. Lakini usiufiche chini ya zulia: ikirusha wati 50, wati 100 hivi nyingine zinakuwa joto. Ipe hewa, na mwishoni mwa kiangazi puliza vumbi kwenye feni.

Nikipita karibu na migodi?

Hili lisome mara mbili. Njiani kwenda Likasi na Kolwezi kuna mashimo ya wazi ambako wanalipua miamba. Baruti nyingine huwashwa kwa viwashio vya umeme, na waya zake zikiwa zimetandazwa zinaweza kuwa antena. Redio ya karibu ikirusha, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya. Ukiona kibao kinachokataza redio na simu, usirushe hadi ukipite kile cha mwisho, hata kama unajiona uko mbali. Na kama redio yako inatuma mahali ulipo yenyewe kila dakika chache, izime kabisa. Kutobonyeza kitufe hakutoshi, yenyewe haikuombi ruhusa.

Kituo cha mafuta pia: usirushe.

Na kwenye barieri, kizuizi cha njiani?

Antena inavutia macho, hakuna njia. Kaa na leseni halisi, nakala mbili, na karatasi ya ununuzi au ya forodha. Punguza sauti kabla hujasimama. Sauti ya mtu asiyeonekana ikitoka ndani ya gari inaharibu mazungumzo mazuri. Salimia kwanza, taja kazi yako, toa karatasi ukiombwa. Mara moja nilichelewa saa mbili mahali fulani kwa sababu niliacha leseni nyumbani na nikaanza kueleza ionosfera. Karatasi ingemaliza kwa dakika moja.

Navuka mpaka wa Kasumbalesa kila wiki. Naendelea kuongea upande wa pili?

Hapana, hadi Zambia ikupe ruhusa yake. Ukishaipata utatumia jina la hewani linaloanza na 9J, jinsi ruhusa itakavyosema. Bila ruhusa, chomoa maikrofoni, ondoa antena, na utangaze kifaa kwa forodha. Kituo cha upande wa pili unaweza kuongea nacho ukiwa bado upande wetu, hilo halina neno.

Naweza kuongea nikiendesha?

Mimi huongea kidogo, na barabara ikiwa wazi. Nyuma ya malori yaliyobeba shaba, wakati wa kupita, mvua ikinyesha, nanyamaza. Mwambie mwenzako "ngoja", hewani hakuna anayekasirika. Na usiandike chochote. Kariri jina lake, uandike ukisimama.

Mvua zimeanza. Nifanye nini na radi?

Ukisikia ngurumo, acha kurusha, na ukisimama chomoa waya wa antena kwenye redio. Ndani ya gari la bati lililofungwa wewe uko salama kuliko chini ya mti; redio ndiyo iko hatarini. Kati ya Novemba na Machi utaisikia radi kwenye HF kama mikwaruzo mirefu kabla mawingu hayajafika. Watu wangu nyumbani wananiuliza mimi kama waanike nguo.

Umeme ukikatika nyumbani, naweza kuihamishia ndani?

Ndiyo, na utaipenda zaidi. Batri ya ampea-saa 100 ya risasi, usiitumie zaidi ya nusu kama unataka ikae. Kusikiliza saa 12 kwa nusu ampea ni 6. Kusema, jumla saa moja kwa ampea 11, ni 11. Jumla 17 kwa siku, basi una karibu siku tatu kabla ya kuchaji. Paneli ndogo ya jua inarefusha hesabu, ila kidhibiti chake kisiwe cha kupiga kelele.

Kuna siri moja wanaridhaa wa mji huu hawaisemi mbele ya wake zao: mtaa ukizima, HF inakuwa kimya kama kijijini. Televisheni, chaja na friji zote zimelala. Wengine wanatafuta mishumaa, sisi tunatafuta maikrofoni.

Ni kweli naweza kusikia kituo cha anga na redio ya gari?

Kweli, bila kuongeza kitu, kama redio yako inapokea UHF pia. Kituo cha kimataifa cha anga kina repita ya wanaridhaa, yaani redio inayopokea sauti na kuirusha tena, inayoshuka kwa megahezi 437.800, siku nyingine inazimwa, kwa hiyo usikate tamaa mara ya kwanza. Kinakuja kwa kasi, masafa yanaonekana juu kisha yanashuka: anza na 437.810, katikati rudi 437.800, kikiondoka nenda 437.790. Kupita kote hakuzidi dakika 10. Paki mahali pa wazi, mbali na ukuta.

Tuongee lugha gani?

Yoyote utakayoeleweka, ila jina la hewani litaje herufi kwa herufi, kwa maneno ya kimataifa: Alfa, Bravo, Charlie. Mwanzo ni Kifaransa au Kiingereza, kisha ukisikia 5H au 9U jaribu "jambo, uko wapi leo?" Nimepata marafiki wa Kigoma na Bujumbura hivyo. Wao hucheka Kiswahili chetu cha Lubumbashi, sisi tunacheka chao.

Mimi ni mke wake. Ile antena haitadhuru watoto?

Swali zuri kuliko yote ya juu, mama. Antena iliyo katikati ya paa, bati likiwa kati yake na watoto, haina shida kwa matumizi ya kawaida. Ile iliyo kwenye ukingo wa buti, karibu na vichwa vya waliokaa nyuma, ihamishwe au irushe nguvu ndogo. Na asirushe gari likiwa limesimama uani watoto wakicheza kando yake: akiigusa mtu wakati wa wati 50 inaunguza kidole. Mwambie aangalie kwanza, ndipo abonyeze.

Daftari niandike saa gani?

Saa ya UTC, ile saa moja ya dunia nzima. Sisi tuko mbele kwa saa 2, Kinshasa kwa 1. Ukiongea saa mbili usiku hapa, andika 18:00.